UZI: Julai 1977 waziri alizindua riwaya ya Ngugi, Desemba Ngugi akabebwa usiku. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulimkosea nani?

Mzee wa Pazia (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za leo.

Tangu Ngugi wa Thiong'o aage dunia mwezi Mei 2025, mitandaoni watu wamejaza picha zake, na nusu ya mazungumzo ni tuzo ya Nobel ambayo hakupewa. Sawa. Mimi nataka tukae kwenye mwaka mmoja tu wa maisha yake, maana una fumbo ambalo naona watu wanalipita mbio.

Julai 1977 riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, ilizinduliwa Nairobi na mgeni rasmi alikuwa Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha. Riwaya ile haina huruma hata kidogo. Inawaanika matajiri wapya wa Kenya huru, mbunge anayekula hela za wapiga kura wake, wakurugenzi wa kiwanda cha pombe wanaokufa kwa moto, bibi kizee anayepoteza shamba kwa deni la benki. Waziri alikuja, akazungumza, akarudi ofisini. Hakuna aliyekamatwa.

Usiku wa kuamkia Desemba 31 mwaka uleule, polisi walifika nyumbani kwa Ngugi, Limuru, wakamchukua. Akapelekwa gereza la Kamiti bila mashtaka wala hakimu, akapewa namba K6,77. Amri ya kumweka kizuizini ilitiwa saini na Daniel arap Moi, wakati huo Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani. Alikaa ndani karibu mwaka mzima. Kenyatta alifariki Agosti 1978, Moi akashika nchi, na Desemba 12, 1978 wafungwa wa kisiasa wakaachiliwa. Kazi yake ya kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hakurudishiwa.

Katikati hapo ndipo palipotokea mchezo wa kuigiza. Ngaahika Ndeenda, yaani "Nitaolewa Nikipenda", aliouandika na Ngugi wa Mirii (hawa ni watu wawili tofauti, kila uzi lazima atokee mtu wa kuwachanganya). Ulianza kuonyeshwa Oktoba 2, 1977 katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru. Novemba 16 leseni ikafutwa. Wiki sita na ushee, basi.

Kwa wasioujua: Kiguunda ni kibarua katika shamba la tajiri aitwaye Ahab Kioi wa Kanoru. Ana ekari moja na nusu ya kwake, na hatimiliki ameitundika ukutani katika nyumba ya udongo ya chumba kimoja, jirani na picha ya Nebukadneza aliyegeuzwa mnyama. Kioi na tajiri mwenzake, Ikuua wa Nditika, wana mpango na wawekezaji wa nje wa kujenga kiwanda cha dawa ya kuua wadudu. Ekari za Kiguunda zipo palepale panapotakiwa.

Je, wanamtumia mabaunsa? Wala. Wanakuja na Biblia. Kioi na mkewe Jezebel wanamwambia Kiguunda na mkewe Wangeci kuwa ndoa yao ya kimila ni dhambi, wakafunge kanisani. Na kwa kuwa binti yao Gathoni anatoka na John Muhuuni, mtoto wa Kioi, mama wa watu anahisi kuna ukwe unanukia. Harusi ya kanisani inataka suti, gauni, keki. Pesa hakuna. Kioi anamfungulia mlango wa benki, shamba linawekwa dhamana. Yaliyobaki mnayajua bila kusoma: Gathoni anapata mimba, kijana anamkana, baba anakwenda kwa Kioi na upanga, Jezebel anatoka na bastola, kazi inaota mbawa, benki inapiga mnada. Mnunuzi ni Kioi.

Kuna kitu kimoja jukwaani nakipenda kuliko hotuba zote za mchezo ule. Nyumbani kwa Kioi ukutani kuna maandishi kuwa Kristo ndiye kichwa cha nyumba hii. Mkopo ukishatoka, nyumba ya Kiguunda nayo imebadilika, kuna vitu vipya, na maandishi yaleyale ya kwa tajiri sasa yametundikwa ukutani mwake, pale ilipokuwa hatimiliki. Hakuna mhusika anayelazimika kulieleza. Aliyekaa kwenye benchi ameshaona hati imekwenda wapi.

Sasa hoja yangu. Yaliyosemwa na mchezo huu kuhusu ardhi, benki, kanisa na wageni, Petals of Blood ilikuwa imeshayasema, tena kwa kurasa nyingi zaidi, na serikali ikaipokea kwa hotuba. Kilichobadilika ni nani anasema, anasema kwa lugha gani na anamwambia nani. Waigizaji walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wakulima na watu wasio na ajira. Walisema kwa Kikuyu, kwenye uwanja wa wazi walioujenga wenyewe, wakiwaambia majirani zao. Mwandishi peke yake wangeweza kumvumilia.

Karibuni. Matusi tuache mlangoni.

Nipo Paleee

Nimeshavuta kiti cha mbele. Uzi wa maana huu, mods msiuunganishe na ule wa Nobel.

Bwana Ndivyo Sivyo

Mkuu umeandika vizuri ila ngoja nikupinge, maana hapa ndani tukianza kumlilia Ngugi huwa hakuna anayesoma kazi yenyewe kwa jicho kavu.

Mchezo huu ni hotuba iliyovalishwa maleba. Tajiri anaitwa Ahab, mkewe Jezebel. Hajafungua mdomo, mwandishi ameshakuambia umchukie. Mtoto wao Muhuuni, jina tu linatosha. Maskini wote ni wema, matajiri wote ni nyoka. Gicaamba, yule jirani mfanyakazi wa kiwandani, kila akisimama ni mhadhara: kiwanda, kanisa, Wazungu, mshahara. Ukiwa mkweli utakiri kuna kurasa pale ndani ambazo mwongozaji yeyote leo angezipunguza nusu.

Pili, muiangalie Kenya ya 1977 kama ilivyokuwa. J.M. Kariuki, mwanasiasa aliyekuwa akipigia kelele ardhi na maskini, aliuawa Machi 1975. Kenyatta ni mzee sana. Mwaka 1976 wakubwa walikuwa wanagombana hadharani kuhusu kubadili katiba ili Makamu wa Rais asirithi kiti. Katikati ya hayo mtu anakusanya umati huko Limuru, wilaya ya Kiambu, nyumbani kwa rais mwenyewe, na mchezo unafunga kwa wimbo wa kuwaita wafanyakazi waungane. Wewe ungekuwa serikali ungefanya nini? Sisemi walifanya haki. Nasema hofu yao ilikuwa na mantiki, usiifanye kama waliota ndoto mbaya.

Binti wa Tigoni

Ndivyo Sivyo, kaka yangu, hapo kwenye majina umepatia nusu. Ndiyo, Ahab na Jezebel ni majina ya kupigilia msumari. Lakini kumbuka hadhira ni ya watu wa kanisani. Ahabu wa Biblia ndiye mfalme aliyelitamani shamba la mizabibu la Nabothi, na Yezebeli ndiye aliyepanga njama mpaka Nabothi akauawa na shamba likachukuliwa. Kwa mtu wa Limuru aliyekaa kwenye mahubiri tangu utotoni, jina lile ni kumkumbusha kwamba kisa cha tajiri kula shamba la jirani yake kimo humohumo kwenye kitabu wanachotishwa nacho. Kioi anakuja na Biblia kumvua Kiguunda ardhi, na Biblia hiyohiyo ilishamwandika yeye. Mimi naona ni werevu, tena wa kijijini kabisa.

Kuhusu mahali, naomba niongeze, kwa sababu watu wakisikia Kamiriithu wanadhani ni kijiji cha tangu enzi na enzi. Kamiriithu kilitokana na Hali ya Hatari. Miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu kwa nguvu kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika, ikawarundika kwenye vijiji vya kulindwa ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau msituni. Uhuru ulipokuja wengi hawakuwa na pa kurudi, wakabaki palepale, vibarua wa mashamba yaliyowazunguka. Sasa mtu wa pale ukimpa sehemu ya Kiguunda, aigize nini? Na Oktoba ilichaguliwa makusudi, miaka 25 tangu vita vya 1952 vianze.

Tena mchezo wenyewe una sehemu za kurudi nyuma: viapo, kukamatwa, mateso. Kioi ni mtu wa upande wa homugadi, yaani Waafrika walioshika silaha kumlinda mkoloni dhidi ya Mau Mau. Hilo ndilo lililochoma, nafikiri, kuliko wimbo wa wafanyakazi. Baada ya uhuru kauli ya nchi ilikuwa tusahau ya zamani, sote tulipigania uhuru. Hapo wanasimama wazee waliopigana kweli, mbele ya watoto wao, wanaonyesha nani alikuwa upande gani na leo nani ana shamba.

Mzee wa Pazia (mleta uzi)

Binti wa Tigoni, asante dada, umenifanyia kazi yangu.

Ndivyo Sivyo, mihadhara ya Gicaamba nakubali ni mirefu kwenye karatasi. Ila tamthilia hii imejaa nyimbo na ngoma kila baada ya muda mfupi, na nyimbo hizo waigizaji walikuwa wanazijua kuliko waandishi. Ukiisoma kimya kimya umeketi kwenye kochi unapata mifupa tu.

Na kuna jambo la namna ilivyotengenezwa. Kituo cha Kamiriithu kilianza na madarasa ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, Ngugi wa Mirii akiyasimamia. Waliohitimu ndio wakataka kitu cha kuendelea nacho, ukaja mchezo. Waandishi walipeleka rasimu, wanakijiji wakaikosoa. Wazee walirekebisha Kikuyu cha profesa: mzee hasemi hivi, mwanamke wa rika hili hatumii neno lile. Wafanyakazi wa kiwandani wakasema mambo ya mishahara yao na jasho linakwenda wapi. Mazoezi yalifanywa hadharani, kila anayepita anasimama, anatoa maoni. Kufikia siku ya ufunguzi, watu wengi walikuwa wanazijua sehemu za wenzao kwa moyo. Mwongozaji alikuwa Kimani Gecau wa Chuo Kikuu, lakini ukisoma maelezo ya Ngugi mwenyewe unaona mwongozaji na waandishi walikuwa wanafunzi kama wengine.

Sasa rudi kwenye hofu yenye mantiki. Nakubaliana nawe kabisa kuwa serikali haikuota. Iliona vizuri. Watu waliokuwa wamezoea kukutana kwenye baraza ya chifu ili waambiwe, sasa wanakutana kila wikendi ili wasemezane. Wamejenga ukumbi wa wazi wa watu kama elfu mbili bila mfadhili wa ng'ambo, bila mchango wa mbunge. Hilo ndilo lililokuwa na mantiki ya kuogopwa.

Karani wa Korti

Niongee kidogo upande wa karatasi, watu huwa wanauruka.

Mchezo huu haukupigwa marufuku na mahakama, wala Bunge, wala bodi ya wasomi iliyosoma ikatoa sababu. Ulikuwa na leseni ya kukusanya watu, aliyeitoa ni ofisi ya wilaya na aliyeifuta ni ofisi hiyohiyo, kwa maelezo ya usalama wa umma. Mfumo wa kuomba ruhusa ya kukutana ni urithi wa mkoloni. Aliuweka ili Mwafrika asikutane na mwenzake bila mkubwa kujua. Uhuru ulipofika, kilichobadilika ni rangi ya anayetia saini.

Hali ni ileile kwa sheria iliyomfunga Ngugi. Kuwekwa kizuizini bila kesi ndiko Waingereza walikowafanyia maelfu baada ya Oktoba 1952. Kenyatta mwenyewe alikamatwa mwaka huo. Yeye angalau alifikishwa mahakamani kule Kapenguria, hata kama kesi ilikuwa ya kupanga. Ngugi hata hiyo ya kupanga hakupata. Wanaouliza ubeberu uko wapi kwenye mkasa huu, waanzie hapo.

Kijana wa Juzi

Mimi ndiye ninayeuliza, Karani 😂

Serious, samahani, nirudi kwenye Kiswahili. Kila mahali nasoma kuwa huu ni mchezo dhidi ya ubeberu. Nimeusoma. Wabaya wote wanaoonekana ni Waafrika. Kioi, Jezebel, Ikuua, Muhuuni. Mzungu hayupo jukwaani akipiga mtu. Sasa ubeberu upo wapi zaidi ya maneno ya Gicaamba?

Mzee wa Pazia (mleta uzi)

Swali zuri sana, na jibu ni kwamba hapo ndipo ulipo ubora wa kazi.

Fikiria ingekuwa Mzungu ndiye anayekuja na Biblia kwa Kiguunda mwaka 1977. Kila mtu angepiga makofi, hata mawaziri. Mchezo wa kumlaani mlowezi hauna hatari kwa mtu aliyelirithi shamba la mlowezi. Mwaka uliotangulia, Oktoba 1976, mchezo wa Ngugi na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ulichezwa kwa Kiingereza katika Ukumbi wa Kitaifa, Nairobi. Ugomvi ulikuwepo, hasa wa tarehe, kwa sababu ukumbi wa taifa ulikuwa umetengewa vikundi vya kigeni na mchezo wa shujaa wa nchi ukapewa siku chache. Aibu kubwa, lakini haukufungiwa. Kimathi alinyongwa 1957, Mwingereza ndiye aliyemnyonga, kila mtu anaweza kumlilia.

Kwenye Ngaahika Ndeenda mgeni hahitaji kuja. Ana kiwanda, ana mtaji, na ana mtu wake. Kioi anajiona tajiri, lakini ukiutazama mpango wenyewe yeye ni dalali: kazi yake ni kutafuta ardhi na kuweka sura nyeusi mbele ya kampuni. Faida kubwa inapanda ndege. Kiguunda anabaki na sumu ya wadudu kwenye uwanja wa nyumba iliyokuwa yake. Ubeberu wa namna hii haupigwi picha, ndiyo maana haumo kwenye orodha ya wahusika.

Na Kioi anamwona Kiguunda kwa macho ya nani? Msikilize anavyozungumza na mfanyakazi wake, halafu umkumbuke bwana shamba wa kizungu. Ni yuleyule, kakaa kwenye kiti kilekile.

Mama Nne

Niseme jambo ambalo wanaume wa uzi huu mmelipita kama hamjaliona. Gathoni.

Jina la mchezo ni la kuolewa. Mlevi anaupita uwanja akiimba kuwa ataoa akipenda maana mapadri wote bado wapo hai, watawa wote bado wapo hai. Tunacheka. Lakini msichana anayeolewa au asiyeolewa anapewa nafasi gani ya kusema? Anatongozwa, ananunuliwa nguo, anapata mimba, anakanwa, anafukuzwa nyumbani na baba yake, anaishia kuhudumu baa. Karibu kila mtu kwenye mchezo ana maoni juu ya mwili wa Gathoni kuliko Gathoni mwenyewe. Gicaamba anajitokeza vizuri pale anapowakataza wasimwite mtoto wao malaya, akasema lawama iende kwa waliomfikisha pale. Nampongeza. Ila hata yeye anamtetea binti kama ushahidi wa kesi yake.

Kiguunda ananyanyaswa na Kioi, kisha anarudi nyumbani na kumfukuza mtoto. Matumizi mabaya ya madaraka hayakuishia kwenye geti la tajiri. Mchezo unaliona hilo kwa mbali, haulikaribii.

Bwana Ndivyo Sivyo

Mama Nne, shikamoo. Hii hoja ni kali kuliko yangu yote.

Mzee wa Pazia (mleta uzi)

Shikamoo mama. Sina pa kukupinga. Nitaongeza kitu kimoja tu cha upande wa pili wa jukwaa: wanawake wa Kamiriithu walipanda kuigiza mbele ya waume na wakwe zao, katika mazingira ambayo mwanamke kuonekana kwenye michezo ya baa na hoteli za Nairobi ulikuwa umalaya machoni pa wengi. Gathoni hakupata maneno ya kutosha, ni kweli. Aliyemwigiza alipata jukwaa.

Mwana wa Pwani

Nimesubiri wee mpaka nimechoka. Mimi si Mkikuyu. Mnaposema mchezo wa watu, ni watu gani? Ukinichezea kwa Kikuyu, mimi wa Mombasa nitaambulia ngoma tu. Na kuna waliosema wakati ule kuwa kazi hii ni ya ukabila. Kwa nini hakuandika kwa Kiswahili, lugha ya taifa, wote tukaelewana?

Ila ngoja nijijibu kabla hamjanirukia. Kiswahili nacho kisingemwokoa. Alamin Mazrui alitoa Kilio cha Haki mwaka 1981, kwa Kiswahili safi. Lanina, mwanamke, anaongoza wafanyakazi katika shamba la mlowezi Delamon. Mwaka 1982 Mazrui akawekwa kizuizini, naye bila kesi. Kwa hiyo yule aliyesema shida ni Kikuyu, alikuwa anatafuta sababu. Mama Nne, kama hujausoma huo utafute, pale mwanamke ana mdomo.

Binti wa Tigoni

Mwana wa Pwani, umejijibu vizuri kuliko ambavyo ningekujibu. Niongeze tu kuwa kundi la Kamiriithu lenyewe liliona hilo. Mchezo wao wa pili, Maitu Njugira, "Mama Niimbie", ulirudi miaka ya thelathini kwenye sheria za kipande, kile kitambulisho ambacho mkoloni alimlazimisha Mwafrika kutembea nacho, na ulikuwa na nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Ulitakiwa uonyeshwe Ukumbi wa Kitaifa Februari 1982. Walikuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu, wakaendelea na "mazoezi", na mazoezi hayo yakatazamwa na watu kama elfu kumi kabla nayo hayajazuiwa. Kuna waliofika kwa mabasi. Mtu asiyejua Kikuyu alikaa na wanaojua, akaelewa.

Machi 12, 1982 polisi walikwenda Kamiriithu na malori, wakaubomoa ukumbi. Ule wa wazi, walioujenga wenyewe. Baadaye mahali pale pakawa chuo cha ufundi cha vijana. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau wakakimbilia Zimbabwe, wakaendelea na kazi ya maigizo ya vijijini huko. Wa Mirii alifariki huko mwaka 2008 kwa ajali ya gari. Ngugi wa Thiong'o alikuwa Uingereza katikati ya 1982 kuzindua tafsiri ya riwaya aliyoiandika Kamiti kwenye karatasi za chooni, akaonywa asirudi. Hakurudi mpaka 2004.

Kijana wa Juzi

Lakini Mei 2022 si mchezo ulionyeshwa Nairobi? Ukumbi wa Kitaifa huohuo, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, watu wakajaa, hakuna polisi hata mmoja aliyelala macho. Kwa hiyo nchi imekua. Au mchezo umezeeka?

Karani wa Korti

Kijana, ungeuliza swali hilo 2022 ningekwambia nchi imekua. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, seneta wa zamani wa Kakamega. Kisa kinahusu utawala mbovu na vijana wanaouhoji. Walikuwa wameondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaagiza waruhusiwe. Malala akakamatwa usiku wa kuamkia onyesho. Asubuhi ya Aprili 10 mabinti wakatoka, wakaimba wimbo wa taifa, wakasema bila mwongozaji wao hawachezi, wakaondoka. Polisi walirusha mabomu ya machozi kwenye eneo la tamasha la wanafunzi wa shule.

Na si mara ya kwanza kwa shule hiyo. Mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom, mwandishi huyohuyo, ulizuiwa, na mahakama ikauruhusu.

Bwana Ndivyo Sivyo

Hapo Malala ni mwanasiasa, ana yake. Tusimfananishe na Kamiriithu.

Mzee wa Pazia (mleta uzi)

Simfananishi Malala na mtu. Nafananisha hatua za serikali: kufungia, kumchukua mwandishi usiku, kuzingira jukwaa. Hiyo ni orodha ya 1977 na 1982. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na mahakama iliyosema hapana, na hilo si dogo.

Kuhusu 2022, nilifurahi mchezo kurudi, na waliouandaa walifanya kazi ya kishujaa. Lakini ulirudi ukiwa na tiketi, viti vyenye mito na Ukumbi wa Kitaifa, ule uliojengwa na mkoloni na kufunguliwa 1952. Waliocheza ni wasanii wa fani. Aliyekaa anatazama alikuwa amekuja kuona kazi maarufu. Sidhani kama umezeeka, maana benki bado zinapiga mnada mashamba na wawekezaji bado wanatafutiwa ekari. Umeondolewa pale ulipokuwa unauma. Uwape vibarua wa shamba moja la chai leo, wafanye mazoezi miezi minne nje ya geti la shamba, kwa lugha yao, wakiongeza majina ya sasa, ndipo tutajua nchi imekua kiasi gani.

Mwana wa Pwani

Na waongeze fidia za bandari na mashamba ya Pwani ambayo mwenye hati hajawahi kuyakanyaga. Sisi huku tungekuwa tunaitwa maskwota humohumo kwenye wimbo.

Mama Nne

Na Gathoni apewe dakika kumi peke yake jukwaani. Mimi nitaziandika.

Nipo Paleee

Mama andika, weka hapahapa. Tunasubiri.